Mzigo wa Siafu

Hapo kale, kabla siafu hajajifunza kuomba radhi, siafu na mchwa walipigana vita. Siafu mmoja asiyeona vizuri alimwokota majeruhi vumbini, akambeba mgongoni kumpeleka nyumbani, kama ilivyo desturi yao.

"Pole, ndugu yangu. Mchwa hawana utu."

"Kweli kabisa, kaka," majeruhi akajisahau, "hasa yule mjomba wangu."

Siafu akasimama. "Kumbe wewe mchwa! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenila."

Siafu akainama kwa aibu. Ni kweli, angemla.

"Mola nisamehe, nimeshakuzoea. Hivi tunagombania nini?"

"Hata mjomba hajui."

Siafu akageuza njia. "Jishike vizuri, ndugu yangu. Kwenu ni upande gani?"