Kobe Juu ya Chungu

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakipika, Mama Pimbi aliishi kwenye mlima wenye kipupwe kikali. Alikuwa na wasiwasi kupita kiasi. Jioni moja aliinjika chungu cha makande, na watoto wake watatu wakakaa kando ya moto wakitetemeka. Kila mara alifunua, akachungulia, akakoroga, akaongeza maji baridi. Giza likaingia, mahindi bado magumu kama changarawe. Watoto wakaanza kulilia chakula.

"Chungu hiki kimelogwa," akasema, akatoka kutafuta kuni.

Aliporudi alimkuta jirani yake Kobe amepanda juu ya kifuniko, amelala fofofo.

"Mzee Kobe, shuka. Utawaharibia watoto chakula."

Kobe hakusikia. Mama Pimbi alimsukuma, akamvuta, akashindwa. Akaketi, akalia pamoja na wanawe mpaka moto ukabaki makaa.

Kobe alipoamka na kuteremka, Mama Pimbi alifunua upesi. Makande yalikuwa yameiva, laini, yananukia. Watoto wakala, wakashiba, wakapata joto.

"Umetia dawa gani?" akauliza Mama Pimbi.

"Sikutia kitu, jirani. Nilisikia baridi, nikalala."

Mama Pimbi alimtazama Kobe, akatazama chungu, akamtazama Kobe tena. Mpaka leo hajaelewa. Ila kipupwe kikifika humwalika Kobe mapema, humpandisha juu ya kifuniko, kisha humgonga ganda kila mara kumuuliza kama dawa imeanza kuingia.