Cha Nne Kutoka Kushoto

"Usinipangie vizuri. Nipangie kama zamani," Mama Chapa alisema, na fundi wa kompyuta akashusha pumzi kwa mara ya tatu asubuhi ile.

Ofisi ilikuwa imeletewa toleo jipya la programu ya kuandikia. Menyu walizozizoea zilikuwa zimehamishwa kama vyombo vya mpangaji aliyefukuzwa, na juu ya skrini umewekwa utepe mpana wenye vipicha vya kila aina. Makarani walilalamika siku mbili, wakazoea. Mama Chapa, aliyechapa barua za ofisi ile kwa miaka ishirini na tisa, hakuzoea. Barua ambazo zamani alizimaliza kabla ya chai sasa zilikuwa zinalala mpaka kesho yake.

Meneja mpya hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema Ijumaa angempima yeye mwenyewe, akishindwa, aage. Miezi kumi na minne tu ilikuwa imebaki Mama Chapa astaafu, na binti yake wa mwisho ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi. Ndipo akamwita fundi, mtu mzima mwenye kitambi na subira ya kuazima, amtengenezee safu yake mwenyewe ya vitufe.

"Cha kwanza, kuhifadhi. Cha pili, kuprinti. Cha tatu, kuweka katikati. Cha nne, wino mzito. Kutoka kushoto."

"Dada, nikivipanga kwa makundi utavipata upesi. Tena naweza kuvitia rangi, viwe vikubwa hivi."

"Rangi kawatilie watoto wa chekechea. Mimi nataka cha nne kiwe cha nne."

"Hata jina lake nisikuandikie chini?"

"Jina la nini? Wewe kwako kitanda umekiandika kitanda?"

Fundi alicheka mpaka kitambi kikatikisika, akapanga. Mama Chapa akajaribu kuweka kichwa cha barua katikati, na printa ikaanza kutema karatasi. Cha pili na cha tatu vilikuwa vimepishana. Alimfokea fundi kama mama anayemfokea mtoto aliyemwaga mafuta, kisha akamwomba radhi. Alikuwa na hofu, na hofu haina adabu.

Kipanya alikuwa amekisukuma nyuma ya simu. Alikuwa mtu wa kibodi, vidole kumi bila kuitazama, kama walivyofundishwa enzi zao. Kwenye safu ya vitufe alisogea kwa kubonyeza mshale huku akihesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, nne.

Ofisini walisema ni kiburi cha mtu aliyekula chumvi nyingi. Tena vituko anavyo. Rasimu lazima asomewe kwa sauti, eti kosa linalolipita jicho halilipiti sikio. Wenziwe wa umri wake wote walivaa miwani. Yeye akajigamba kwamba ukoo wao hawaijui. Jumatano meneja alisimama mlangoni pake dakika nzima, na Mama Chapa akaendelea kuchapa kana kwamba hapakuwa na mtu. Meneja alipokohoa ndipo akaruka kitini na kumwamkia. Meneja aliitika, akaenda zake.

"Dada, yule ni bosi," fundi akamnong'oneza. "Unamfanyia hivyo, utegemee nini Ijumaa?"

"Nilikuwa kazini, ndugu yangu. Nilikuwa kazini tu."

Alhamisi hakula mchana. Alijifua kwa vile vitufe vyake mpaka wenziwe waliporudi kutoka kula, na fundi alikaa naye, akimsomea aya moja baada ya nyingine kutoka gazeti la juzi. Hakuna aliyemtuma. Alimwonea uchungu tu, jinsi mtu alivyoweza kuitumikia ofisi miaka yote ile halafu akaja kupimwa kama kibarua wa jana.

Ijumaa, fundi akiwa bado amesimama kando ya meza, meneja aliingia na barua ndefu, akafunga mlango, akaanza kuisoma kwa kasi ya makusudi. Vidole vya Mama Chapa vikamfuata neno kwa neno. Kichwa cha barua kikakaa katikati, kikapata wino mzito. Aya zikapangika. Meneja alipofika mwisho, printa ilikuwa tayari inanguruma.

Meneja aliipitia ile barua mara mbili, akitafuta kosa kwa ncha ya kalamu. Hakulipata.

"Umeona?" fundi akaropoka, akasahau kabisa yuko mbele ya nani. "Umeona mama huyu?"

"Nimeona," meneja akasema. Akafungua jalada, akatoa karatasi, akamtilia Mama Chapa mkononi. "Hongera, mama. Hii ndiyo barua ya kukuthibitisha mpaka utakapostaafu. Isome taratibu. Kama kuna sharti ambalo hulitaki, sema sasa hivi."

Mama Chapa aliinua ile karatasi mbele ya uso wake. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikashuka kidogo, kikaenda tena, bila haraka, mpaka chini. Alipomaliza, midomo ilikuwa inamcheza kwa furaha.

"Mungu akubariki, mkuu," alisema. "Nimekubali kila neno."

Fundi akainama juu ya bega lake ili naye ajisomee habari njema. Karatasi haikuwa imeandikwa kitu.