Kumvisha Tindwa Namba Nane

Timu ya raga ya mji ule ilikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa kuliko mazoezi: fowadi, mchezaji wa mbele, anayestaafu humvisha mrithi wake fulana kwa mikono yake mwenyewe. Fulana zilibana makusudi ili adui asipate pa kushika, hivyo hapakuwa na shujaa aliyeweza kuvaa yake bila msaada.

Mghanga, ambaye masikio yake yalikuwa yamekunjamana kama maandazi yaliyokaliwa, alisimama mbele ya Tindwa, mrithi wake, katika chumba cha kubadilishia nguo. Jitu hilo la kilo mia na ushee lilikuwa limeinua mikono juu kama mtoto anayesubiri kuogeshwa. Daktari alikuwa ametangaza kwamba goti la Mghanga limekwisha. Mghanga mwenyewe alikuwa bado hajakubali.

Alivuta. Fulana ikapita mikononi, ikakwama kichwani.

"Kaka Mghanga," sauti ilitoka ndani ya kitambaa, "imekwama au umeghairi?"

"Tulia. Lichwa lako hili lilistahili fulana yake peke yake."

"Kama umeghairi, sema tu. Nitakaa benchi. Nilijiunga na timu hii ili nikuone ukicheza."

Hata kocha akaacha kutafuna.

Mghanga alikamata pindo kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote. Kichwa cha Tindwa kikachomoza, macho yamelowa.

Kipenga kikalia nje. Wenzao wakatoka mbio. Kiganja cha Mghanga kilibaki mgongoni mwa Tindwa, kikilainisha namba nane ambayo haikuwa na kunyanzi hata moja, naye Tindwa hakupiga hatua.