Sehemu ya Chepkurui

Mpima ardhi alisimama katikati ya shamba langu hapa Rongai, kigingi mkononi, akaniuliza mpaka uanzie wapi. Ndugu yangu mkubwa alijibu kabla yangu.

"Gawa mara mbili. Vijana ni wawili."

Wazee wa ukoo wakaitikia. Binti yangu Chepkurui alikuwa nyuma ya nyumba, akimenya viazi vya wageni.

Kwa miaka mingi nimesema nyumbani kwamba mtoto ni mtoto. Jana niliporudia, Chepkurui alinitazama. "Baba, hayo huwa unaniambia jikoni. Huko nje sijawahi kuyasikia."

Sasa, mbele ya wazee, nilifungua mdomo, mzee mmoja akaanza maombi. Baada ya amina nikajaribu tena, ndugu yangu akaitisha chai. Nilijikasirikia. Mimi niliyejisomesha masomo ya ngumbaru ukubwani hadi nikasoma magazeti, nangoja ruhusa kwenye shamba langu!

"Gawa mara tatu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia kwa nguvu.

Ndugu yangu alicheka. "Huyo ataolewa, bwana. Unataka kuwapa wakwe shamba?"

"Nataka kumpa Chepkurui."

Ndugu yangu aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akachukua kofia yake. Wazee walimfuata mmoja mmoja hadi langoni. Wanangu wa kiume walibaki wakitazama viatu vyao.

Chepkurui alitokea kwenye kona ya nyumba, mikono ikidondosha maji ya viazi.

"Mzee, tunaendelea?" mpima ardhi aliuliza.

"Muulize yeye," nilisema. "Akuonyeshe anataka upande gani."