Shairi la Mstari Mmoja

Nilipochukua maiki kwenye mazishi ya kaka yangu, hapa kisiwani Mfangano, emsii alitangaza kwamba Dorine, dada wa marehemu, ametunga shairi. Watu wakajiweka sawa vitini kusubiri beti.

Baba mdogo alikuwa kando yangu, mkono wake begani mwangu. Tangu asubuhi hakuwa ameuondoa.

Nikasema, "Kaka, aliyekusukuma ziwani amekuja kukuzika."

Nikashusha maiki. Mtu huyo sikumjua. Nilijua tu kwamba kaka alikutwa ziwani akiwa na jeraha kisogoni, na kwamba kwetu asiyefika mazishini ndiye hushukiwa kwanza. Kwa hiyo lazima angekuja.

Chini ya hema watu waligeuka kutazamana.

"Endelea, dada," emsii alisema, akijaribu kucheka. "Hilo bado si shairi. Vina viko wapi?"

"Limeisha."

Nilikuwa natazama nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine, nikimtafuta, wakati vidole vya baba mdogo vilipoanza kunibana bega.

"Rudisha maiki, mwanangu," alininong'oneza. "Twende ziwani ukanawe uso."