Neno la Mwisho la Athumani

Kuta za nyumba husikia kila neno, lakini tangu katiba irekebishwe haziruhusiwi kurudia kauli ya mtu bila idhini yake, hata akifa. Bi Mwanakheri, ambaye sasa amekaa eda, alipiga kura ya ndiyo.

Asubuhi ya msiba aligombana na mumewe, Athumani, akaenda sokoni. Aliporudi alimkuta jikoni, ameshakufa.

"Aliniwia radhi?" aliuuliza ukuta.

"Alisema jambo, bibi. Hakuniruhusu kulirudia."

Binti yake Rukia akasema, "Mama, wewe ndiye uliyetukokota kituoni kupiga kura. Ulisema serikali imezidi umbea."

"Na bado nasema."

Akausogelea ukuta, akanong'ona, "Athumani, mimi nimekuwia radhi."

"Nimeyahifadhi," ukuta ukajibu. "Hakuna atakayeyasikia."