Kicheko cha Mama Mkubwa

Akiba yote ya Zamzam ilikuwa mkobani. Ingetosha kununua kimoja tu: mashine ya kusaga nafaka, au kamera ya video aliyokuwa ameibeba begani pale dukani.

"Dada, unga huliwa kila siku," alisema mdogo wake, Mbaraka. "Picha nani atazila?"

Zamzam alimwelekezea mama yao kamera. Mama akajifunika uso kwa kanga. "Wee! Hata sijachana nywele!" Akaangua kicheko.

Mwenye duka akarudisha mkanda nyuma, akauonyesha kwenye televisheni. Mama alijitazama, akaisogelea televisheni.

"Kumbe nacheka kama marehemu dada. Mbaraka, njoo umwone mama yako mkubwa."

Mbaraka alisogea. "Hebu rudisha tena," alinong'ona.

Zamzam akafungua mkoba. Kiganja cha mama kilikuwa kwenye kioo cha televisheni, na kicheko kikiendelea chini ya vidole vyake.